Jinsi ya kusikiliza podikasti za siasa za Marekani bila kupotea njiani

Kila mara mtu akiniuliza aanze na podikasti gani ili aelewe siasa za Marekani huwa namwambia podikasti ziko za kumwaga, tatizo sio podikasti, tatizo ni kwamba unaingia katikati ya maongezi ya watu wanaojuana, wanataja majina na namba za miswada kana kwamba na wewe ulikuwepo kwenye kikao cha jana. Unasikiliza saa zima unatoka na kitu kimoja tu kichwani, kwamba Trump kafanya jambo na kuna watu wamekasirika. Hapo hujaelewa kitu, umepigiwa kelele tu.

Mimi natumia swali moja, na hili ndo nataka uondoke nalo hata ukiishia hapa kusoma: hiki wanachokijadili kiko hatua gani? Ni maneno ya jukwaani tu, ni amri ya rais, ni muswada uko kwenye kamati, umepita upande mmoja wa bunge, umeshasainiwa, au uko mahakamani? Kufuatilia siasa za kule bila kujua hatua ni sawa na kuwasha TV ukakuta Simba wanaongoza mbili bila ukaanza kushangilia, kumbe ndo kwanza dakika ya 15.

Chukua mfano wa ile kodi ya kutuma hela nyumbani, maana iliwagusa moja kwa moja ndugu zetu wabeba boksi. Mwezi wa tano 2025 ilipoibuka ndani ya ule muswada mkubwa wa Trump wa kodi na matumizi ya serikali, kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi iliandika asilimia 5, na ilikuwa inamlenga mtu asiye raia. Baraza lilipopiga kura tarehe 22 mwezi huohuo, 215 kwa 214, ilikuwa imeshashuka mpaka 3.5. Ikaenda Seneti, huko wakaipunguza ikabaki asilimia 1, na sio kiwango tu, wakabadilisha hata nani analipa: uraia hauulizwi tena, kinachoulizwa ni umetoa hela kwa njia gani. Ukienda dukani na noti mkononi, au mani oda, au hundi ya benki ile unayoilipia kaunta, unakatwa hata kama una pasi ya Marekani mfukoni. Ukituma kutoka kwenye akaunti yako ya benki ya kulekule au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hukatwi. Trump akasaini tarehe 4 Julai 2025 na makato yakaanza 1 Januari 2026.

Sasa mtu aliyesikiliza kipindi cha katikati ya mwezi wa tano, mwingine cha mwisho wa mwezi wa tano na mwingine cha Julai, wakikutana kwenye grupu la WhatsApp watagombana mpaka mtu aondoke grupu, na wote watatu wamesikia kitu cha kweli, kweli ya siku ile. Kule Kenya hii habari ilipigiwa kelele zaidi na wana haki, zaidi ya nusu ya hela zinazotumwa na Wakenya walioko nje zinatoka Marekani. Kwa hiyo kabla hujabonyeza pleyi angalia tarehe ya kipindi. Najua inaonekana ushauri wa kitoto lakini nusu ya ubishi ninaouona ungeisha hapo, hasa na hizi klipu za TikTok ambazo mtu anakata sekunde 40 anaondoa tarehe anaweka muziki wa huzuni chini.

Ukishajua hatua, jifunze kuhesabu vichwa. Baraza la Wawakilishi lina viti 435 na kule wingi wa kawaida unatosha. Seneti ina 100, na hapa ndo wageni wanaachwa, kwa sababu miswada mingi inahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na ipigiwe kura. Hiyo wanaiita filibasta. Ndo maana utasikia chama kina wengi Seneti, rais ni wao, na bado muswada wao umekufa, na wewe umekaa unashangaa. Njia ya kukwepa hiyo 60 inaitwa rekonsiliesheni, inaruhusu kupitisha kwa wingi wa kawaida lakini mambo ya mapato, matumizi na deni tu, na kuna mtaalamu wa kanuni za Seneti anayesema kipi kimefuzu na kipi hakijafuzu. Kwa miaka mingi ni mama mmoja anaitwa Elizabeth MacDonough, hajachaguliwa na mwananchi yeyote, na wiki za muswada mkubwa utasikia jina lake mara nyingi kuliko la maseneta wengi. Ukisikia kipengele "kimetolewa na mtaalamu wa kanuni" ujue hakijashindwa kwa hoja, kimeonekana sio cha bajeti.

Ule muswada wa 2025 ulipita njia hiyo. Warepublikan, yaani chama cha Trump, walikuwa na maseneta 53 hivyo wangeweza kupoteza watatu na bado wakapita kwa kura ya makamu wa rais, na kweli wakapoteza watatu kamili, Susan Collins wa Maine, Rand Paul wa Kentucky na Thom Tillis wa North Carolina. Ikawa 50 kwa 50, JD Vance akavunja sare tarehe 1 Julai. Mtu asiyejua hesabu hii akisikiliza vipindi vya wiki ile anaona watangazaji wamechanganyikiwa, saa nzima wanamjadili seneta mmoja wa Alaska, Lisa Murkowski, Alaska yenyewe haina hata watu milioni moja. Lakini angesema hapana yeye, wangekuwa wanne na muswada umeanguka. Akasema ndiyo, halafu akatoka nje akawaambia waandishi anatumaini Baraza la Wawakilishi litaurekebisha. Baraza likaupitisha vilevile ulivyo tarehe 3 Julai, 218 kwa 214.

Hapo pia unajifunza kutokumsikiliza mwanasiasa mdomo. Josh Hawley wa Missouri mwezi wa tano aliandika gazetini kwamba kukata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni kosa kimaadili na ni kujiua kisiasa, Julai akaupigia kura ya ndiyo muswada wenye makato hayo, na wiki mbili baadaye akaleta muswada mwingine wa kuyafuta baadhi. Sasa kwenye podikasti yoyote seneta wa namna hii akialikwa ataongea vizuri mpaka umpende, ndo kazi yake. Wewe subiri lile swali la kura. Mtangazaji mzuri atauliza "utapiga kura gani?", na ukisikia mgeni anajibu kwamba ana wasiwasi na baadhi ya vipengele, anaendelea na mazungumzo na wenzake, anataka kuona lugha ya mwisho, tafsiri ya mtaani ni kwamba bei yangu haijafikiwa. Mara nyingi watu wa hivyo mwisho wa siku wanakwenda na chama.

Haya, sasa ndo tuje kwenye podikasti zenyewe, na hapa sitakupa orodha ya kumi bora maana hizo ziko kila mahali. Cha muhimu ujue nani anaongea na anakula wapi. The Daily ya New York Times ilianza 2017, kipindi kama nusu saa hivi, mara nyingi jambo moja tu na mwandishi aliyelifuatilia, kwa anayeanza ni nzuri sana kwa sababu hawakudhanii unajua, ila vipindi vya zamani sasa vingi wamevifungia waliolipia. NPR Politics ni fupi, waandishi watatu hivi wanapiga stori ya habari ya siku, bure. Hizo mbili ndo za kuanzia.

Halafu kuna za watu wa upande. Pod Save America ni jamaa waliofanya kazi Ikulu kwa Obama, Jon Favreau alikuwa mkuu wa waandishi wa hotuba zake, na wakisema "sisi" wanamaanisha Wademokrati, hawajifichi na hawakudanganyi kwa hilo. Ben Shapiro ni mhafidhina, ni mwanzilishi mwenza wa Daily Wire, anaongea spidi ambayo hata Mmarekani anampunguza. Steve Bannon na War Room yake huyo aliwahi kukaa Ikulu ya Trump 2017, ukitaka kujua watu wa MAGA, yaani wafuasi sugu wa Trump, wenyewe wanamkasirikia Mrepublikan gani wiki hii huko ndo jikoni. The Bulwark inawachanganya wengi, wanadhani ni Wademokrati, kumbe mtangazaji wake Tim Miller alikuwa mtu wa mawasiliano wa Jeb Bush kwenye kampeni ya 2016, ni Warepublikan waliogoma kumfuata Trump. Hii ya kujua historia ya mtu inakuokoa sana, kwa sababu anayemkosoa Trump akitokea kulia na anayemkosoa akitokea kushoto wanaweza kusema sentensi moja na wakawa hawataki kitu kimoja kabisa.

Wageni nao hivyohivyo. Mgeni akitambulishwa kama "mchambuzi mwandamizi" wa taasisi fulani usiishie kwenye cheo. Heritage ni wahafidhina, hao ndo walioratibu Project 2025, ule mpango wa sera ulioandaliwa kwa ajili ya rais mhafidhina. Cato ni watu wa serikali ndogo na soko huria, ndo maana utawashangaa wanawatetea wahamiaji na hapohapo wanapinga ruzuku ya afya. Center for American Progress ni karibu sana na Wademokrati, Brookings iko katikati ikilalia kushoto kidogo. Sio kwamba wanasema uongo, wengi wanajua mambo kuliko mtangazaji, ila swali wanalochagua kulijibu linatoka kwa anayelipa mshahara. Na aliyekuwa ofisa akija na kitabu kipya ujue kaja kuuza kitabu.

Za mahojiano marefu ni dunia nyingine. Ezra Klein anaongea sera kwelikweli, mgeni mmoja saa zima na zaidi, unatakiwa uwe umelala vizuri. Joe Rogan sio podikasti ya siasa lakini Oktoba 2024 Trump alikaa naye karibu masaa matatu, na usiku wa kuamkia uchaguzi Rogan akasema anamuunga mkono, wakati Kamala Harris mwezi huohuo wa kumi alikwenda kwa Alex Cooper kwenye podikasti yake ya Call Her Daddy. Tangu hapo kila mwanasiasa anataka maiki. Gavana wa California Gavin Newsom alianzisha yake Machi 2025 na mgeni wake wa kwanza alikuwa marehemu Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina wa upande wa Trump, na kauli aliyoitoa Newsom humo kuhusu wanariadha waliobadili jinsia ndo ikawa habari ya nchi nzima kesho yake. Yaani podikasti imekuwa sehemu ya kutengeneza habari, sio ya kuijadili tu. Kwenye haya marefu kumbuka kwamba mtangazaji rafiki hafuatilii jibu bovu. Mgeni akitaja takwimu na mwenye kipindi akaitikia "wow", hiyo takwimu iweke pembeni mpaka uikute mahali pengine.

Takwimu zenyewe sasa. Ukisikia namba kubwa ya dola uliza kwa miaka mingapi, karibu kila mara ni 10. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, CBO, ipo tangu 1974 na haina chama, ilisema sheria ile ya Julai 2025 itaongeza nakisi ya bajeti kwa dola trilioni 3.4, na hiyo ni kwa miaka 10, sio mwaka kesho. Ilisema pia watu milioni 10 zaidi watakosa bima ya afya ifikapo 2034. Sasa Warepublikan kwenye vipindi vyao walikuwa wanasema haiongezi nakisi, na utadhani mmoja hapo ni mwongo mtupu, lakini ukisikiliza vizuri wanapima kutoka sehemu tofauti: wao walihesabu kwamba punguzo la kodi la 2017 lingeendelea tu, kwa hiyo kuliongezea muda ni gharama sifuri, CBO walihesabu kwamba kisheria lilikuwa linaisha. Mtangazaji akikueleza hilo la wapi pa kuanzia kuhesabu, huyo mfuate. Akikutajia namba na kukasirika tu, endelea mbele.

Na tafadhali tenganisha Medicare na Medicaid, zote za 1965, majina kama mapacha. Medicare ni ya wenye miaka 65 kwenda juu na baadhi ya walemavu. Medicaid ni ya kipato kidogo, serikali kuu na majimbo wanachangia, na majimbo mengi yanaipa jina lao, California wanaita Medi-Cal, Tennessee wanaita TennCare, kwa hiyo kuna watu wanapinga Medicaid kwenye redio na mtoto wao anatibiwa nayo, hawajui.

Mahakama ndo sehemu ambayo watu wanapotoshwa kuliko zote, na sababu ni ileile ya hatua. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kuzuia uraia wa kuzaliwa kwa watoto ambao wazazi wao hawana makaratasi au wako kwa viza za muda. Majaji wa ngazi ya chini wakaizuia nchi nzima. Tarehe 27 Juni Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, 6 kwa 3, kaandika Amy Coney Barrett, na siku hiyo simu zililia mpaka huku kwetu, watu wanasema mtoto akizaliwa Marekani sasa sio raia. Uamuzi ule haukugusa hilo. Ulihusu kama jaji mmoja wa wilaya ana mamlaka ya kuzuia amri ya rais nchi nzima. Wiki mbili baadaye jaji wa New Hampshire akaizuia amri ileile kwa njia nyingine, kesi ya kundi, yaani wachache wanashtaki kwa niaba ya wote wenye hali kama yao, na mzozo wenyewe wa uraia ukaendelea na safari yake. Ukisikia "Mahakama ya Juu imeruhusu" usimame hapohapo uulize imeruhusu nini, kwa muda au moja kwa moja, na swali lililokuwa mezani lilikuwa lipi.

Kwa mambo ya mahakama nashauri usisikilize moja. Strict Scrutiny ni maprofesa watatu wa sheria wanawake, wa mrengo wa kushoto, wana hasira na wana vichekesho. Advisory Opinions ni Sarah Isgur na David French, wanasheria wa kulia lakini sio wa Trump. Chukua kesi moja, sikiliza wote wawili. Sehemu wanapokubaliana ni sheria yenyewe, sehemu wanapoachana ndo siasa, na huwa wanakubaliana zaidi ya unavyodhani. Kiukweli hii ndo njia iliyonifaidisha mimi kuliko zote, na inakula muda kweli.

Kura za maoni nitapita haraka. Wakisema mgombea ana 48 na mwenzake 46, na kosa la kipimo ni 3, hakuna anayeongoza hapo, maana hiyo 3 ni ya kila mmoja na pengo lenyewe linaweza kukosewa kwa karibu mara mbili yake. Mtangazaji anayetumia dakika 20 kuchambua pengo la 2 anajaza muda tu.

Mambo ya kiufundi: weka spidi 0.8 kama lafudhi inakusumbua, hakuna atakayekucheka. Apple Podcasts wana maandishi ya kipindi yanayotembea pamoja na sauti, unasoma huku unasikia, neno likikupita unalibonyeza inarudi palepale. Pakua usiku kwa waifai, bando la mchana usilimalizie kwa Ben Shapiro. Matangazo yanayosomwa na mtangazaji mwenyewe kwa sauti ileile, godoro, vitamini, dhahabu, ruka bila huruma, ila angalia ni ya nini maana dhahabu na chakula cha akiba vinakuambia wasikilizaji wake wanaogopa nini.

Ukitaka zoezi, tafuta kipindi cha NPR Politics cha mwisho wa Mei 2025 kuhusu ule muswada na kingine cha siku mbili tatu baada ya 4 Julai. Fungua pembeni tovuti ya congress.gov, andika H.R. 1, ndo namba ya muswada ule, chagua Bunge la 119, nenda kwenye orodha ya hatua. Kila wanapotaja jambo kwenye kipindi cha kwanza liangalie kama limefika mwisho. Kuna kipengele kilichotaka kuzuia majimbo yasitunge sheria za akili mnemba kwa miaka 10, mwezi wa tano kilijadiliwa kana kwamba kimeshapita, Seneti ikakitoa kwa kura 99 kwa 1.

Kwa uchaguzi wa 3 Novemba 2026, ambapo viti vyote 435 na vya Seneti 35 vinagombewa, usijaribu kufuatilia nchi nzima, utachoka mapema. Chukua kiti kimoja. Maine kwa Susan Collins panafaa, au North Carolina ambako Tillis alitangaza hagombei tena siku chache kabla ya kura yake ya hapana. Ukichagua Maine anza kwa kujifunza jinsi wanavyopiga kura, kwa sababu kwenye kiti cha Seneti wao wanapanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu, na asipopatikana wa kuvuka nusu wa mwisho anaondolewa kura zake zinagawiwa kwa chaguo linalofuata, kwa hiyo anayekuletea asilimia za raundi ya kwanza tu hajakuletea matokeo.